Barua ya wazi kwa Gavana na watunga sheria wa Georgia: kazi tunafanya, karatasi ndizo zinazotuangusha

Clarkston, Georgia
8 Desemba 2025

Kwako Mheshimiwa Brian Kemp, Gavana wa Jimbo la Georgia,
Na kwenu Waheshimiwa Maseneta na Wawakilishi wa Baraza la Kutunga Sheria la Georgia,

YAH: SHARTI LA SAA 80 NA KIPIMO CHA KIPATO KATIKA BIMA YA AFYA YA JIMBO

Nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi ni mkazi wa Clarkston kwa mwaka wa kumi na moja sasa, mlipa kodi, na raia wa nchi hii. Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini, nikakulia kambini mkoani Kigoma, na huku nilikoletwa naishi kwa ukalimani wa Kiswahili na Kiingereza: hospitali, shuleni, mahakamani, popote ninapoitwa. Jumamosi huwa siitwi popote. Wao ndio wanaokuja kwangu. Ikifika saa nne asubuhi meza yangu ya chakula imejaa bahasha, na watu wamekaa hadi kwenye ngazi, kila mmoja na barua aliyoipata kwa posta na hajui inamdai nini.

Ni katika Jumamosi hizo nimejifunza ninayoyaandika hapa. Kabla ya kuyasema hadharani nilifuata njia ya kawaida. Machi nilipeleka barua kwa wenye dhamana, Mei nikakumbusha, Agosti nikaenda mwenyewe. Ofisi sitaitaja wala mtu sitamtaja, maana mtumishi aliyekaa dirishani hakuitunga sheria anayoitekeleza. Nilichotoka nacho ni namba ya simu. Nimeipiga mara nyingi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ninaowasemea wasome kwanza wao wenyewe, wanisahihishe nikikosea. Nakala ya Kiingereza mtaipata kwa posta.

Kwa wasomaji walio mbali na jambo hili nieleze kwa ufupi. Medicaid ni bima ya afya ya watu wa kipato kidogo, inayogharimiwa na serikali kuu ya Marekani pamoja na kila jimbo. Majimbo 40 yameipanua ili mtu mzima yeyote mwenye kipato kisichozidi asilimia 138 ya kiwango cha umaskini aingie, na serikali kuu hulipa asilimia 90 ya gharama ya kundi hilo. Georgia haikupanua. Baada ya sheria ya mwaka 2019, na baada ya kesi iliyoamuliwa na mahakama ya shirikisho Agosti 2022, jimbo lilianzisha mpango wake tarehe 1 Julai 2023, unaoitwa Pathways to Coverage. Kuingia humo mtu mzima asiye na ulemavu lazima awe na kipato kisichozidi asilimia 100 ya kiwango cha umaskini, na aonyeshe kwamba kila mwezi anafanya kazi, anasoma au anajitolea kwa saa 80.

Sina ugomvi na kazi. Majirani zangu huamka saa tisa usiku kungoja basi dogo la kuwapeleka kwenye viwanda vya kuku, na jua likizama ndipo wanarudi. Anayedhani watu hawa wanahitaji kusukumwa wafanye kazi hajawahi kusimama kwenye maegesho ya magari ya Clarkston alfajiri. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Saa zinahesabiwa kwa mwezi, lakini mfanyakazi hajipangii mwezi wake.

Kuna mzee wetu mmoja, ana miaka 58. Kazi yake ni kukata mabawa ya kuku kwenye laini, zamu ya usiku, ndani ya baridi, kisu mkono wa kulia. Vidole vyake viwili vimekufa ganzi. Ana presha na kisukari. Kiwanda hakikumwajiri moja kwa moja, aliletwa na wakala wa vibarua. Masika ya mwaka huu wakala akabadilishwa, kazi ikabaki ile ile, laini ile ile, kisu kile kile. Hati zake za mshahara zikaanza kuja na jina la kampuni nyingine, na jina lake yeye likaandikwa kwa herufi moja pungufu.

Tulipokaa kujaza maombi, saa za mwezi ule zilikuwa 74. Kiwanda kilikuwa kimepunguza zamu kwa wiki nzima. Mwezi uliotangulia alifanya zaidi ya 150. Nilitafuta mahali pa kulieleza hilo kwenye fomu, nikajaribu kueleza kwa simu, nikaambatanisha barua. Tukarudishiwa ombi, tuthibitishe kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja. Msimamizi wa zamu akakataa kutuandikia chochote, akasema hayo ni ya wakala. Wakala wa kwanza hapokei tena simu.

Miezi hiyo yote mzee alikuwa anakikata kidonge cha presha kwa wembe, nusu leo nusu kesho, kifike mwisho wa mwezi. Usiku mmoja wa Septemba sukari ilipanda akaanguka jikoni kwake. Alipelekwa chumba cha dharura, akatibiwa vizuri, na tangu 1986 sheria inaitaka hospitali imhudumie aliye katika hatari hata kama hana senti. Bili ilikuja ya kurasa nne. Nimemtafsiria mimi, mstari kwa mstari, na kufikia ukurasa wa tatu alinyanyua mkono akaniambia, “Basi, mwanangu. Inatosha.”

Kwetu husemwa mgonjwa haulizwi uji. Mzee huyu aliulizwa saa, akaulizwa jina, akaulizwa wakala, na katika maswali yote hayo hakuna hata moja lililohusu ugonjwa wake.

2. Kazi nyingi za watu wetu hazitoi karatasi.

Mama anayesuka nywele sebuleni kwake. Anayelea watoto wa majirani wanne ili mama zao waende zamu. Anayesafisha nyumba za watu, analipwa taslimu mlangoni. Kijana anayepakua mizigo siku anazoitwa. Hawa wote wanatoka jasho, na ukiwaambia walete uthibitisho wa saa 80 wanakutazama tu. Mama msusi aliniletea daftari la shule alimoandika kwa kalamu ya risasi majina ya wateja na muda aliokaa na kila mmoja. Nilihesabu: saa 112 kwa mwezi. Sikuona mahali pa kulipakia daftari lile likakubalika.

3. Kipimo cha kipato kimeacha upenyo mdogo mno.

Naomba mnifuatilie hesabu, Waheshimiwa. Chukueni kijana asiye na mke wala mtoto, analipwa dola 15 kwa saa. Kiwango cha umaskini kwa mtu mmoja mwaka huu wa 2025 ni dola 15,650, sawa na dola 1,304 kwa mwezi. Kijana huyu akifanya saa 79, hajafikisha. Akifanya saa 87, amepata dola 1,305, amezidi. Anayestahili ni yule aliyefanya saa kati ya 80 na 86. Bosi akimwomba abaki zamu moja zaidi kwa sababu mwenzake hakuja, afanye nini? Nimeulizwa swali hilo na kijana wa miaka 24 ambaye hajawahi kukataa kazi, na sikuwa na jibu la kumpa.

Anayezidi huelekezwa kwenye soko la bima, ambako mtu hujinunulia bima ya kampuni binafsi, na ruzuku ya nyongeza iliyopo huko tangu 2021 inakwisha tarehe 31 mwezi huu isipokuwa Bunge la Marekani lichukue hatua. Wazazi nao wana kipimo cha chini zaidi: katika Georgia, mzazi anaingia Medicaid ya kawaida ikiwa tu kipato cha nyumba ni chini ya karibu theluthi moja ya kiwango cha umaskini. Watoto wake wana kadi. Yeye mwenyewe hana. Akina mama wa aina hiyo ni wengi mno kwenye foleni yangu ya Jumamosi: wanakuja na kadi za watoto zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni zisilowe, na wao wenyewe wanakohoa.

4. Kuuguza na kulea hakuhesabiwi kazi.

Nakubali kwamba mwaka huu mlipoomba kuuongeza muda mpango mlirekebisha baadhi ya mambo. Mzazi wa mtoto aliye chini ya miaka 6 sasa anaweza kuingia, na taarifa za saa, ambazo hapo awali zilipangwa kutolewa kila mwezi, sasa ni mara moja kwa mwaka. Nawashukuru kwa hayo kwa dhati. Lakini mtoto hutimiza miaka 6, na binti anayemlisha na kumwogesha mama yake aliyepooza hana pa kuandika saa zake.

Hata sheria ya serikali kuu iliyotiwa saini tarehe 4 Julai mwaka huu, ambayo wengi wetu tunaiona kali, imewaachilia walezi wa watoto wa hadi miaka 13, wanaowatunza walemavu, na wagonjwa wenye hali nzito. Georgia imekuwa kali kuliko Washington.

5. Lugha.

Hapa nitasema machache, maana nisije nikaonekana napigia debe kazi yangu. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inawataka wanaopokea fedha za serikali kuu wawahudumie watu bila kuwabagua kwa asili yao, na huduma ya lugha ni sehemu ya hilo. Barua ya kumwambia mtu kwamba bima yake inakatwa isimfikie kwa Kiingereza peke yake. Watoto wa darasa la nne wanawasomea baba zao barua hizi.

6. Fedha zimekwenda kwenye mitambo.

Jimbo lilitarajia kuandikisha watu wapatao 25,000 katika mwaka wa kwanza. Mwaka ulipoisha walikuwa kama 4,300. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa Septemba mwaka huu: mpango umetumia takriban dola milioni 54 kwa uendeshaji, na takriban milioni 26 kwa matibabu. Yaani kwa kila dola iliyofika kwa daktari, dola mbili ziliishia kwenye kompyuta, mikataba na uhakiki.

Jirani zetu wa North Carolina walipanua Medicaid tarehe 1 Desemba 2023. Ndani ya mwaka mmoja hivi walikuwa wameandikisha zaidi ya watu 600,000. Mpaka wa jimbo hilo uko mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka mezani kwangu. Nina rafiki aliyehamia Charlotte, mji wa jimbo hilo. Yeye na mzee wetu wa mabawa walikuja Marekani kwa ndege moja.

Najua mtakayonijibu, kwa sababu baadhi yake nimeshajibiwa.

Mtasema sharti la kazi huwatoa watu kwenye utegemezi. Arkansas ilijaribu mwaka 2018, kwa saa hizo hizo 80. Mwanzoni taarifa zilitolewa mtandaoni tu, na tovuti ilikuwa inafungwa saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi, saa ambazo mtu wa zamu anapata nafasi. Kufikia mwisho wa mwaka zaidi ya watu 18,000 walikuwa wamepoteza bima. Machi 2019 Jaji James Boasberg akausimamisha mpango. Watafiti wa Harvard walioufuatilia hawakuona kwamba ajira iliongezeka. Waliona kwamba wengi wa waliolengwa walikuwa tayari wanafanya kazi, au walikuwa na sababu ya kusamehewa.

Mtasema mmerahisisha mambo, kila kitu kinafanyika kwa simu ya mkononi. Kwa mwenye ajira moja, mshahara unaoingia benki na Kiingereza cha kutosha, ndiyo, ni rahisi. Nimewajazia watu wa namna hiyo kwa dakika ishirini. Ila wao ndio wachache.

Mtasema mikono yenu imefungwa, kwamba sheria mpya ya serikali kuu inayataka majimbo yote yaliyopanua yaweke saa 80 kufikia 1 Januari 2027, na mipango kama wetu imo. Ni kweli. Lakini sheria hiyo ina nafuu ndani yake. Inayataka majimbo yatumie kwanza kumbukumbu za mishahara yaliyonazo kabla ya kumsumbua mtu kwa karatasi. Inakubali kipato cha dola 580 kwa mwezi mahali pa saa 80. Kwa wafanyakazi wa msimu inakubali wastani wa miezi sita. Mzee wetu angepita kwa yale mawili ya kwanza.

Na mtasema fedha hakuna. Fedha za mzee zilipatikana usiku ule wa Septemba, kwenye chumba cha dharura, ambako matibabu ni ghali kuliko dawa ya presha ya mwaka mzima, na hospitali ikishindwa kuilipisha kaya maskini hubaki na hasara hiyo. Atlanta ilishaona hospitali kubwa ya katikati ya mji, Atlanta Medical Center, ikifungwa Novemba 2022. Wagonjwa wake hawakupona siku hiyo. Walikwenda kujaza vyumba vya dharura vya hospitali nyingine.

Kuna jambo moja ambalo halikutoka kwenu, lakini linawahusu kwa kuwa linakuja kwenu. Kuanzia 1 Oktoba 2026 serikali kuu haitailipia Medicaid ya mkimbizi wala aliyepewa hifadhi mpaka apate ukaazi wa kudumu. Na tangu Mei mwaka huu, msaada wa matibabu kwa mkimbizi mgeni umeshushwa kutoka miezi 12 hadi minne. Miezi minne! Mtu hajajua hata basi la kwenda dukani linapita wapi. Watu hawa waliletwa na serikali yenyewe, wamehojiwa na kupimwa kwa miaka, na viwanda vya jimbo hili vinawapokea wiki ya kwanza. Clarkston imewapokea kwa zaidi ya miaka thelathini. Wakati wa korona, walipoambiwa kazi ya chakula ni ya lazima, walikwenda kazini.

Kwa hiyo naomba, kwa niaba yangu na ya wanaokaa kwenye ngazi zangu kila Jumamosi, mambo yafuatayo.

Kwanza, kikao kinachofunguliwa Januari kipitishe upanuzi wa Medicaid hadi asilimia 138 ya kiwango cha umaskini, ambayo kwa mtu mmoja ni dola 21,597 kwa mwaka. Ruhusa ya Pathways inaisha Desemba 2026. Msiombe muda mwingine wa mpango ambao umeshajipima wenyewe.

Pili, hata kabla ya hapo, anzeni kutumia kumbukumbu za mishahara zilizoko katika Idara ya Kazi ya jimbo. Saa zikionekana huko, mtu asidaiwe hati yoyote. Kipato cha dola 580 kikubaliwe, na saa zipimwe kwa wastani wa miezi sita kwa kila mtu wa vibarua, hata asiye wa msimu.

Tatu, mwenye kazi isiyo na hati akubaliwe kwa tamko lake lililotiwa saini, kama anavyokubaliwa kwenye fomu ya kodi. Daftari la mama msusi lina thamani yake.

Nne, walezi wa watoto hadi miaka 13, wanaowauguza wazee na walemavu, na wenye maradhi ya kudumu, wasamehewe sasa hivi. Sheria ya serikali kuu imeshawatangulia.

Tano, asikatwe mtu bima kabla ya siku 60 tangu aandikiwe kwa lugha anayoisoma na kupigiwa simu na mtu anayeisema.

Sita, tengeni fedha za jimbo za kuwavusha wakimbizi wagonjwa kati ya Oktoba 2026 na siku ukaazi wao utakapotoka. Anzeni na wenye kisukari, figo na saratani, na wajawazito, kama fedha hazitoshi kwa wote.

Naomba majibu ya maandishi kabla ya kikao kufunguliwa. Mkitaka kuona kwa macho, mlango wangu uko wazi Jumamosi yoyote kuanzia saa nne. Anwani ipo kwenye nakala ya posta, pamoja na jina langu kamili. Mzee amekubali kuja na hati zake, za makampuni yote mawili. Tumezipanga kwa tarehe.

Wenu katika ujenzi wa Georgia,

Mkalimani wa Clarkston